Ulaji wa mafuta wa SUV ndogo (njia ya Karatu–Nainokanoka)

Ulaji wa mafuta wa SUV ndogo ni kiasi cha petroli au dizeli ambacho magari ya aina ya Toyota RAV4, Nissan X-Trail, Suzuki Escudo, Honda CR-V na Subaru Forester hutumia yakiwa kazini barabarani. Nchini Tanzania hutajwa kwa kilomita kwa lita, Ulaya kwa lita kwa kila kilomita 100, na Marekani kwa maili kwa galoni. Takwimu ya kiwandani na ya barabarani hazilingani popote duniani, lakini mlimani huachana zaidi. Makala hii inaeleza sababu zake kwa kufuata njia inayopanda kutoka mji wa Karatu hadi Nainokanoka, kata ya Wilaya ya Ngorongoro mkoani Arusha, chini ya mlima Olmoti. Katika njia hiyo, kipimo kinachomsaidia mwenye gari ni lita za safari nzima ya kwenda na kurudi, zikitajwa pamoja na msimu na mzigo. Kilomita kwa lita peke yake hupotosha.

Njia na mzigo wake

Karatu iko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Baada ya Lodoare, lango la kuingilia Hifadhi ya Ngorongoro, barabara hupanda kwa kona ndani ya msitu wa mawingu hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200. Hapo hugawanyika: kushoto huelekea makao makuu ya hifadhi na Serengeti, kulia huzunguka ukingo wa mashariki kupita eneo la hoteli ya Sopa na kufika Nainokanoka, takriban mita 2,500. Mbele yake njia huendelea kuelekea kreta ya Empakaai. Olmoti yenyewe hufika mita 3,099, na Mto Munge huanzia humo kabla ya kuteremka ndani ya kreta ya Ngorongoro.

Eneo hili limo ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, iliyoanzishwa mwaka 1959 na kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1979, ambamo wafugaji wa Kimaasai huishi pamoja na wanyamapori. Kilimo ndani ya hifadhi kilipigwa marufuku mwaka 1975, kikaruhusiwa tena mwaka 1992, kisha marufuku ikarudishwa mwaka 2009. Hivyo mahindi, unga na maharage hununuliwa nje, Karatu ikiwa soko la karibu, na kupandishwa mlimani. Gari la chakula hupanda limejaa na kushuka jepesi, na jambo hilo lina uzito mkubwa katika hesabu ya mafuta.

Magari yenyewe

RAV4 ya kwanza ilitoka mwaka 1994, CR-V mwaka 1995, Forester mwaka 1997 na X-Trail mwaka 2000. Yaliyo mengi Tanzania yaliingia yakiwa yametumika Japani, na RAV4 ya kizazi cha pili ndiyo watu wanayoiita Kili Time. Injini za SUV hizi kwa kawaida huwa kati ya cc 1,800 na 2,500. Ushuru wa bidhaa nao umesukuma wanunuzi kwenye injini ndogo, kwa kuwa magari ya abiria yanayozidi cc 2,000 yametozwa kiwango cha juu kuliko yale ya cc 1,001 hadi 2,000.

Kwenye njia za hifadhi SUV ndogo hukutana na Land Cruiser Hardtop, maarufu kama mkonga, ambayo nyingi zina injini ya dizeli ya 1HZ yenye cc 4,164. Mkonga una nguvu na uimara ambao SUV ndogo haina. SUV ndogo ina wepesi, bei nafuu na ulaji mdogo, na kwa sababu hizo hupendwa na walimu, wahudumu wa afya na wafanyabiashara wanaojilipia mafuta.

Takwimu za kiwandani zinatoka wapi

Takwimu rasmi hupatikana maabara, gari likiwa limefungwa juu ya magurudumu ya chuma yanayozunguka. Magari mengi ya Kijapani yaliyoko Afrika Mashariki yalipimwa kwa mzunguko wa 10-15, ambao kasi yake ya juu ilikuwa kilomita 70 kwa saa na wastani wake haukufika kilomita 23 kwa saa. Baadaye Japani ikahamia JC08, kisha WLTC. Ulaya iliacha mzunguko wa NEDC na kuanza WLTP mwaka 2017, jaribio la dakika 30 linalofika kasi ya kilomita 131 kwa saa. Marekani ilirekebisha mahesabu yake kuanzia magari ya mwaka 2008 ili yaingize mwendo wa kasi, kiyoyozi na baridi.

Taasisi ya ICCT, inayochunguza usafiri safi, ilionyesha kuwa kwa magari mapya ya Ulaya pengo kati ya maabara na barabara lilikua kutoka chini ya asilimia 10 mwaka 2001 hadi zaidi ya asilimia 40 kufikia mwaka 2015. Mwezi Aprili 2016 Mitsubishi Motors ilikiri kwamba data za ukinzani wa barabara zilizotumika kupima baadhi ya magari yake hazikuwa sahihi. Ukinzani ukiandikwa mdogo, gari huonekana halili mafuta. Zaidi ya hayo, majaribio yote yaliyotajwa hapa hufanywa kana kwamba dunia nzima ni tambarare: hakuna mlima, tope wala gunia juu ya keria.

Gharama ya kupanda

Kuinua uzito kunahitaji nishati ambayo haikwepeki kwa ufundi wowote wa udereva. Tuchukue SUV yenye kilo 1,500 ikibeba watu na mzigo wa kilo 300. Kuipandisha mita 1,000, yaani takriban tofauti ya mwinuko kati ya Karatu na Nainokanoka, kunataka megajuli 17.6. Lita moja ya petroli ina megajuli 32 hivi, lakini injini na gia hufikisha kwenye magurudumu kama robo yake tu, megajuli 8. Zilizobaki huwa joto. Kwa hiyo mlima peke yake hudai zaidi ya lita 2, hata kabla ya kuhesabu tairi, upepo na injini kunguruma gari likiwa limesimama.

Hesabu hiyohiyo huonyesha bei ya mzigo. Gunia la kilo 100 la mahindi likipanda mita 1,000 hula karibu moja ya nane ya lita kwa kuinuliwa tu. Mafuta hayo hulipwa na mnunuzi wa unga, safari baada ya safari, kwa sababu tu ya mahali anapoishi.

Vumbi, changarawe na tope

Sababu ya pili ni ukinzani kati ya tairi na barabara. Kwenye lami nzuri ukinzani huo ni kama asilimia 1.3 ya uzito wa gari. Kwenye changarawe iliyoshindiliwa ni asilimia 2. Kwenye njia ya udongo hufika 5. Na nje ya barabara, kwenye ardhi laini, huanzia 10 kwenda juu. Kwa SUV yetu ya kilo 1,800, kila kilomita 10 za lami hudai karibu lita 0.3 kushinda ukinzani huo, na kilomita 10 za udongo hudai lita 1.1.

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, na vuli, Novemba na Desemba, huifanya njia ya juu kuwa utelezi. Udongo wa majivu ya volkano ukilowa hushika tairi na kujaza kashata zake, gari huteleza, dereva huongeza mafuta, na magurudumu huzunguka bila gari kusogea. Petroli huisha huku mita ya kilomita ikisema uongo, kwa kuwa nayo huhesabu mizunguko ya magurudumu. Gari lilelile, kwa dereva yuleyule, linaweza kuhitaji mafuta mengi zaidi mwezi Aprili kuliko Agosti.

Hewa ya juu na baridi

Wengi husema gari hula zaidi mlimani kwa sababu hewa ni nyepesi. Kauli hiyo ina ukweli nusu. Kwenye mita 2,500 kanieneo ya hewa ni karibu robo tatu ya ile ya pwani, na injini isiyo na tabo hupoteza takriban robo ya nguvu zake. Hata hivyo, kwenye injini ya EFI (ya kunyunyiza petroli kielektroniki) kompyuta hupima hewa inayoingia na kupunguza petroli kulingana nayo, na hewa hiyohiyo nyepesi hupunguza upepo unaolizuia gari. Kwenye tambarare ya juu injini ya EFI yenye afya haina sababu ya kula zaidi. Inayoumia ni injini ya kabureta, ambayo huendelea kumwaga petroli ya kiwango cha pwani na kutoa moshi mweusi. Kwa EFI, hasara huja kwa njia ya pembeni: nguvu zikipungua, dereva hushusha gia na kukanyaga zaidi.

Baridi ni jambo jingine. Alfajiri za Juni hadi Agosti katika nyanda hizi huwa kali, na injini baridi hupewa petroli ya ziada mpaka ipate joto. Safari fupi za kijijini, kutoka zahanati hadi shuleni na kurudi, huisha kabla injini haijapata joto lake la kazi.

Kushuka

Wakati wa kushuka, mlima hurudisha sehemu ya ulichoulipa, lakini kwa masharti. Mteremko wa asilimia 5 kwenye njia ya udongo hulingana na ukinzani wa tairi, hivyo gari hujiendesha karibu bila petroli. Mteremko unaozidi hapo hutoa nishati isiyo na pa kwenda, nayo huishia kuwa joto kwenye breki.

Baadhi ya madereva huweka nyutro wakiteremka wakidhani wanaokoa mafuta. Kwa gari la EFI ni kinyume. Likiwa ndani ya gia na mguu umeondolewa kwenye mafuta, kompyuta hufunga petroli kabisa, na injini husaidia kulishika gari. Likiwa nyutro, injini huhitaji petroli ili isizimike, na breki hubeba kazi yote peke yake. Kwenye kona za msitu juu ya Lodoare tabia hiyo inahatarisha maisha bila kuokoa hata tone.

Haibridi hukusanya nishati ya kushuka kwenye betri. RAV4 Hybrid ya mwaka 2019 imepimwa Marekani kwa wastani wa maili 40 kwa galoni, yaani kilomita 17 kwa lita. Lakini betri yake ya saa-kilowati 1.6 ina megajuli 5.8 tu, na mfumo hautumii zote. Mteremko wa mita 1,000 huijaza mapema, na sehemu iliyobaki hurudi kwenye breki za kawaida na injini.

Namna ya kupima

Njia ya kuaminika ni kujaza tangi Karatu mpaka mpini wa pampu ujifunge wenyewe, kuandika kilomita, kupanda na kurudi, kisha kujaza tena kwenye pampu ileile. Safari ikianza na kuisha kwenye mwinuko mmoja, kupanda na kushuka vyote huwa vimehesabiwa. Safari kadhaa za namna hiyo, za kiangazi na za masika, hutoa picha ya kweli kuliko kompyuta ya dashibodi. Tairi kubwa kuliko za kiwandani huifanya mita isome kilomita pungufu.

Kosa linalojirudia ni kuchukua wastani wa kwenda na kurudi kwa kujumlisha na kugawa kwa mbili. Gari likipata kilomita 6 kwa lita likipanda na 12 likishuka umbali uleule wa kilomita 60, limetumia lita 10 na lita 5. Kilomita 120 kwa lita 15 ni 8 kwa lita, si 9. Aliyepanga kwa 9 atapungukiwa mafuta zaidi ya lita moja na nusu, na gari litamzimikia njiani akirudi, kabla ya kufika kwenye pampu.

Kupunguza ulaji

Hatua zenye faida ni za kawaida: upepo wa tairi uwe kama lebo ya mlango inavyoelekeza, chujio la hewa lisafishwe mara nyingi wakati wa vumbi, plagi na nozeli ziwe nzima, breki zisishike, na keria tupu ishushwe. Kuondoa mzigo usiohitajika kuna faida kubwa zaidi mlimani kuliko mjini, kama hesabu ya gunia ilivyoonyesha. Kuunganisha safari mbili ndogo kuwa moja huokoa kupanda kuzima, yaani zaidi ya lita 2 kila mara.

Bei na bajeti

Mamlaka ya EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi, mji kwa mji, na kadiri mji ulivyo mbali na bandari bei hupanda. Wakazi wa nyanda za juu hununua lita kwa bei kubwa kuliko wa Tanga au Dar es Salaam, kisha kila lita huwapeleka umbali mfupi zaidi. Bajeti ya zahanati au shule inayokadiriwa kwa kilomita za ramani na takwimu ya kiwandani itaisha kabla ya mwaka, na safari ya kwanza kufutwa itakuwa ya chanjo au ya ukaguzi wa wanafunzi. Ikikadiriwa kwa lita za safari, zilizopimwa kwa gari lenyewe wakati wa masika likiwa na mzigo wake, huduma hiyo itafika.