Waranti imekwisha juzi, laptopu imekufa leo: ufanyeje?

Leo tuyaache ya siasa, tuzungumze jambo linalotumaliza mifuko kimyakimya.

Nilimnunulia binti yangu laptopu kwa shilingi 58,000, pesa za zamu yangu ya chama. Kadi ya waranti ilisema miezi 12. Siku ya tisa baada ya miezi hiyo kwisha, mwanangu akabonyeza kitufe cha kuwashia, kimya. Hata taa haikuwaka. Kazi yake yote ya utafiti ya chuo imo ndani, na zimebaki wiki tatu aiwasilishe.

Dukani, kijana wa kaunta alitazama risiti tu. "Ami, waranti ishakwisha. Hapa hatuna la kukusaidia."

Nikaenda kwa fundi wa mtaani. Namshukuru, maana hakuifungua. Aliniuliza swali moja: "Ubovu umeanza leo?" Hapo nikakumbuka. Mwezi wa kumi binti alilalamika kuwa mara yapokea chaji, mara yakataa. Nikawaandikia watu wa duka kwa WhatsApp, wakajibu tubadilishe soketi. Ujumbe ule bado ulikuwamo simuni. Kumbe ubovu ulianza ndani ya waranti, na wenyewe walikuwa na habari.

Basi nikupe niliyojifunza, kwa mpango.

Kwanza, hakikisha imekufa kweli. Chomoa chaji, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 hivi bila kuachia, kisha chomeka ujaribu tena. Azima chaji nyingine ya volti zile zile na pini ile ile. Ikiwa taa zawaka lakini kioo ni cheusi, iunganishe na televisheni kwa waya wa HDMI. Picha ikitokea, basi kilichoharibika yaelekea ni kioo au waya wake, na gharama yake si ya mashine nzima.

Pili, usikate tamaa na kazi zako. Kwenye laptopu nyingi diski ni kifaa mbali na bodi kuu. Bodi ikifa, diski yaweza kuchomolewa na kunakiliwa. Lakini zungumza na duka kabla ya fundi wa nje kushika bisibisi. Wakikuta imefunguliwa, umewapa kisingizio.

Tatu, hesabu tarehe vizuri. Kuna waranti ya duka na kuna ya kampuni iliyoitengeneza. Siriali nambari mara nyingi iko chini ya mashine. Iingize kwenye tovuti ya kampuni. Baadhi ya kampuni huanza kuhesabu tangu mashine ilipotoka kwao, si siku uliyonunua, na ukionyesha risiti hurekebisha. Kama risiti imepotea, ujumbe wa M-Pesa wa malipo utakusaidia.

Nne, andika, usigombane. Kijana wa kaunta hana uwezo wa kuamua. Mpelekee meneja barua ya ukurasa mmoja: ulinunua lini, kasoro ilianza lini, ushahidi ni upi, wataka nini. Baki na nakala.

Tano, jua haki yako. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 champa mnunuzi haki ya bidhaa za ubora unaofaa, na fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Kadi ya waranti haifuti Katiba. Mkishindwana kabisa, kuna Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na haikulazimishi kuwa na wakili. Lakini tuwe waadilifu: kama uliiangusha au uliimwagia chai, usimbebeshe muuzaji mzigo wako. Ukificha kasoro uliyoifanya wewe, huna tofauti na muuzaji anayeficha yake.

Mimi sikufika mahakamani. Meneja alisoma barua, akaona ujumbe wa mwezi wa kumi, akanyamaza kidogo. Tukakubaliana: ufundi wao bure, bei ya bodi tugawane nusu kwa nusu. Nililipa shilingi 9,500. Diski ilikuwa salama, na mwanangu aliwasilisha kazi yake kwa wakati, alhamdulillahi.

Hata hivyo, nusu ile niliyolipa ni faini ya uzembe wangu. Mwezi wa kumi ningeibeba mashine hadi dukani na kudai karatasi ya kuipokea, nisingetoa hata senti. Nilitosheka na ujumbe.

Kwa hivyo leo, kabla hujalala, tafuta risiti ya laptopu ya nyumbani kwako. Weka ukumbusho simuni wa mwezi mmoja kabla waranti haijaisha. Siku hiyo ikifika, ikague yote: chaji, betri, bawaba, kibodi, spika, na kila tundu la USB. Kasoro yoyote utakayoiona, hata ndogo, ipeleke ikiwa tarehe bado iko upande wako.