Miaka Thelathini ya SAJA

Chama cha Wanahabari wa Asia Kusini, ambacho wenyewe hukiita SAJA, kilianzishwa jijini New York mwaka 1994 na vijana wanne: Sreenath Sreenivasan, Om Malik, Dilip Massand na M.K. Srinivasan. Majina hayo yatajwe kwanza, kabla ya tuzo na makongamano, maana yote yaliyofuata yalipita mikononi mwao. Hakuna kati yao aliyekuwa mhariri mkuu wa gazeti kubwa. Walikuwa waandishi wachanga katika mji uliojaa waandishi, na haja yao ilikuwa moja tu: kujuana.

Katika kazi hii kujuana ni mtaji. Nafasi nyingi za chumba cha habari hupata mtu kabla hazijatangazwa, na mtoto wa daktari aliyetoka Hyderabad au wa mhandisi aliyetoka Lahore hakuwa na mjomba gazetini. Wazazi wengi wa vijana wa namna hiyo waliingia Marekani baada ya sheria ya uhamiaji ya mwaka 1965 kuwafungulia milango watu wenye taaluma. Sensa ya 1990 ilihesabu Wahindi zaidi ya 815,000 nchini humo. Hospitalini walijaa, maabarani walijaa, vyuoni walikuwepo; kwenye meza za wahariri wangeweza kuhesabika kwa vidole. Wanahabari Weusi walikuwa na chama chao tangu 1975, na Wamarekani wenye asili ya Asia tangu 1981. Watu wa Delhi, Karachi, Dhaka, Colombo na Kathmandu walikuwa bado hawajapata kikao chao.

Haki inatutaka tumkumbuke pia Gopal Raju, aliyeanzisha gazeti la India Abroad mjini New York mwaka 1970. Lilikuwa gazeti la kila wiki, la habari za nyumbani kwa watu walio mbali na nyumbani. SAJA haikuchipuka kwenye ardhi tupu.

Kati ya wale wanne, Sreenivasan, ambaye kila mtu humwita Sree, ndiye aliyekuwa uso wa chama kwa miaka mingi. Alizaliwa Tokyo, mtoto wa mwanadiplomasia wa India, akasoma Chuo cha St. Stephen's mjini Delhi, kisha Shule ya Uandishi wa Habari ya Chuo Kikuu cha Columbia, akabaki hapo kufundisha. Baba yake, T.P. Sreenivasan, alipata kuwa Balozi wa India jijini Nairobi katika miaka hiyohiyo ya tisini. Mtoto aliyekua akihamahama hujifunza mapema kumkaribisha mgeni, na Sree alikaribisha kweli. Alikuwa miongoni mwa walimu wa mwanzo waliokaa na waandishi waliozoea daftari na simu ya mezani, akawaonyesha jinsi ya kutafuta habari kwenye intaneti wakati wahariri wengi waliiona kama mchezo wa vijana. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo zawadi kubwa ambayo wanachama wa mwanzo waliipata bila kujua thamani yake: walianza kuzoea mabadiliko kabla mabadiliko hayajawafuata makazini.

Columbia ikawa makao ya chama, na pale ndipo mahali palipostahili. Shule hiyo ilifunguliwa mwaka 1912 kwa fedha za Joseph Pulitzer. Ndani yake kuna ukumbi wenye dirisha la vioo vya rangi linaloonyesha Sanamu ya Uhuru, dirisha lililotoka katika jengo la gazeti la Pulitzer mwenyewe, New York World. Humo ndimo zilimozoeleka kutangazwa tuzo za Pulitzer. Na miongoni mwa waliopata tuzo hiyo mwaka 1937 alikuwamo Gobind Behari Lal, aliyefika California kusoma mwaka 1912, akajiunga na wapigania uhuru wa chama cha Ghadar, kisha akawa mwandishi wa sayansi katika magazeti ya Hearst. Aligawana tuzo hiyo na wenzake wanne kwa habari za kisayansi walizoandika Harvard ilipoadhimisha miaka 300. Miaka 57 kabla ya SAJA, mzee wetu alikuwa ameshatangulia. Kila mwanafunzi anayefika leo kutafuta mafunzo ya kazi inafaa asimuliwe habari zake.

Jambo ninalolithamini kuliko tuzo zote ni la meza moja. Mwezi Mei 1998 India na Pakistan zilifanya majaribio ya nyuklia, na mwaka uliofuata zikapigana vita vya Kargil. Huko nyumbani mwandishi wa upande mmoja alipata viza ya upande wa pili kwa taabu kubwa. New York waandishi wa pande zote mbili walikuwa wanachama wa chama kimoja, wakipeana namba za simu za vyanzo na kusahihishana tarehe. Wabangladeshi, Wasri Lanka na Wanepali walikuwa na nafasi yao. Nasi tuliozaliwa upande huu wa Bahari ya Hindi twajua kwamba undugu huo una matawi hadi kwetu: Ali Velshi na Zain Verjee, ambao watazamaji wa televisheni za Marekani waliwazoea kwenye CNN, wote wawili ni wazaliwa wa Nairobi.

Chama kilitayarisha pia mwongozo wa uandishi kwa vyumba vya habari visivyolijua eneo hilo. Bombay iligeuka Mumbai mwaka 1995, Madras ikawa Chennai 1996, Calcutta ikawa Kolkata 2001, na wahariri walihitaji mtu wa kuwaelekeza. Walihitaji kuelezwa laki ni ngapi, jambo ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa. Walihitaji zaidi kuelezwa Sikh ni nani. Baada ya Septemba 11, 2001, kutojua huko kuliua: siku nne baadaye Balbir Singh Sodhi, Sikh mwenye kituo cha mafuta huko Mesa, Arizona, alipigwa risasi na mtu aliyemdhania Mwarabu. Mapema 2002 Daniel Pearl wa Wall Street Journal alitekwa na kuuawa Karachi. SAJA ilimuenzi kwa kuipa jina lake tuzo yake ya habari bora kuhusu Asia Kusini.

Miaka iliyofuata ilikwenda mbio. Uongozi ulipokewa na wengine, wakiwamo Deepti Hajela wa Associated Press, Sandeep Junnarkar na S. Mitra Kalita. Misaada ya masomo na ruzuku za uandishi wa kina ziliendelea, na kongamano la mwaka likawa pia mahali pa kutafutia kazi. Nje ya chama nako waandishi wenye asili ya Asia Kusini walisonga mbele. Mwaka 2003 Peter Bhatia aliongoza chama cha wahariri wa magazeti Marekani. Mwaka 2007 Raju Narisetti alianzisha gazeti la Mint nchini India. Mwaka 2021 Megha Rajagopalan alipata Pulitzer akiwa BuzzFeed News, na mwaka huohuo Danish Siddiqui wa Reuters aliuawa Afghanistan akiwa kazini. Mwaka 2022 Siddiqui, ingawa alikuwa ameshafariki, akatunukiwa Pulitzer yake ya pili.

Miaka ya mfuko mwembamba ilikuwepo pia. Wafadhili wa makongamano ya aina hii ni vyombo vya habari vyenyewe, na chombo kinachopunguza watu hakina kikubwa cha kutoa. Kati ya 2008 na 2020 ajira katika vyumba vya habari vya magazeti ya Marekani zilishuka kutoka 71,000 hadi 31,000 hivi. GigaOM, kampuni ya Om Malik iliyokuwa fahari yetu, ilifungwa 2015. India Abroad iliacha kuchapishwa 2020. BuzzFeed News ilifungwa 2023. Hata hivyo Kalita, baada ya kupita Los Angeles Times na CNN, alianzisha Epicenter-NYC mtaani kwao Queens wakati wa korona, kisha akashirikiana na Sara Lomax kuanzisha URL Media, mtandao wa vyombo vya habari vya jamii za Weusi na za watu wengine wasio Wazungu.

Waliojitolea jioni baada ya kazi kusoma maombi ya tuzo, kupanga viti na kupitia barua za kuomba kazi za wanafunzi wasiowajua hawakulipwa, na hapa hapatoshi kuyataja majina yao yote.