Kafiri, Mpagani na Wakulima Wengine wa Ekerenyo

Neno kafiri lilianzia shambani. Kabla halijawa tusi, mzizi wake katika Kiarabu ulihusu kufunika, na mkulima aliyetupa mbegu chini akaifukia kwa udongo aliweza kuitwa hivyo bila mtu kukasirika. Hata ndani ya Kurani kuna mahali ambapo wafasiri wengi huona neno hilo, kwa wingi wake, likiwataja wakulima wanaofurahia mimea baada ya mvua. Yule anayefunika ukweli ndiye aliyelishika zaidi, na ndivyo lilivyopanda jahazi likaja pwani yetu.

Sasa chukua mpagani. Hili ni la Kilatini, paganus, na maana yake ya zamani ni mtu wa kijijini. Mshamba, kwa lugha ya stejini. Maelezo yanayotajwa sana ni kwamba dini mpya ilishika miji ya Roma kwanza, watu wa mashambani wakachelewa, basi jina la kijiji likageuzwa kuwa jina la kosa.

Tukifuata asili ya maneno, Ekerenyo nzima ni makafiri na wapagani. Tunafukia mahindi na maharagwe, tunachuma chai, tunaishi mbali na jiji. Ajabu ni kwamba katika kijiji hiki anayeitwa hivyo ni mimi, mtu ambaye jembe lenyewe nalishika kama mgeni.

Nipende nisipende, nimezaliwa nchi ya Wasabato. Jumamosi asubuhi barabara ya Ekerenyo inanyamaza mpaka unasikia mbuzi wa ng'ambo, halafu watu wanatoka na viatu vinavyong'aa na Biblia kwapani. Wanakwenda kuitakasa siku ya saba. Hapo ndipo Kiswahili huwachokoza kidogo. Jumamosi maana yake ni siku ya kwanza baada ya Ijumaa. Mosi, pili, tatu, nne, tano: wiki ya Waswahili inahesabiwa kwa kuifuata sala ya Ijumaa, si kwa kufuata kitabu cha Mwanzo. Kwa hiyo kila mhubiri anayetetea siku ya saba kwa Kiswahili analazimika kuitaja kwa jina linalosema ni siku ya kwanza. Na hesabu yenyewe ina kichekesho chake, kwa sababu baada ya Jumatano, yaani siku ya tano, inafuata Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu ni siku ya tano pia. Wiki moja, tano mbili, na hakuna aliyewahi kulalamika. Ekegusii kilikwepa kesi hiyo mapema: siku yenyewe tunaiita Esabato, kwisha.

Kuna lingine ambalo nashangaa halijaandikiwa tasnifu. Kwa Ekegusii, baba ni mama. Sifanyi mzaha: mama yangu mzazi namwita baba, na baba yangu ni tata. Sasa mweke mtoto wa Kigusii kwenye darasa la Sabato, mfundishe Sala ya Bwana kwa Kiswahili, mwambie aanze na neno Baba. Kwa masikio ya nyumbani, huyo mtoto anamsalimu mama aliye mbinguni. Wanateolojia wa Ulaya wamebishana kwa miaka juu ya kumwita Mungu mama. Sisi tulifika huko kwa ajali ya msamiati, na hakuna sinodi iliyoitwa.

Lakini niende kwa lile neno kubwa. Wazee wa Gusii walikuwa na Engoro, na walikuwa na Erioba, jua, ambalo mtu aliligeukia asubuhi akaomba mema. Leo ukiingia kanisa lolote kuanzia Nyamira hadi Kisii mjini utasikia Nyasae. Nyasae ni jamaa wa karibu sana wa Nyasaye wa Wajaluo, neno linalohusishwa na kuomba na kusihi. Njia aliyopitia inafuatana na ramani ya misheni. Wasabato walifungua kituo Gendia, kando ya ziwa, mwaka 1906, wakajifunza Dholuo. Walipopanda milimani na kuanzisha Nyanchwa mwaka 1912, walikuwa tayari na maneno mfukoni. Wakatoliki wa Mill Hill walikuwa wametangulia mwaka mmoja pale Nyabururu. Majirani sisi tulibadilishana ng'ombe na nafaka na Wajaluo miaka mingi, mara nyingine mishale, kwa hiyo kuazima neno si ajabu. Linalonichekesha ni kwamba leo ukimwambia mzee wa kanisa kuwa Engoro ndiye aliyekuwa hapa kwanza, atakuambia hayo ni mambo ya kipagani. Mwenye boma amekuwa mgeni.

Wagusii tulikuwa na bahati ukitulinganisha na Waacholi. Okot p'Bitek, mshairi na msomi wa Gulu, alisimulia yaliyowapata. Mwaka 1911 mapadri Waitaliano waliwakalisha wazee wa Kiacholi na kuwauliza nani aliyewaumba. Lugha yao haikuwa na kuumba kwa maana ile ya padri, ya kutoa kitu kwenye utupu, kwa hiyo swali likatoka kama nani aliwafinyanga, kama chungu. Wazee wakasema watu huzaliwa na mama zao. Mapadri hawakuridhika, wakakazana. Mwishowe mzee mmoja akakumbuka kwamba kuna anayefinyanga watu kweli: Rubanga, pepo anayekunja uti wa mgongo mpaka mtu anakuwa na kibyongo. Mapadri wakaandika jina, wakashukuru, na wakaanza kuhubiri kwamba Rubanga ni mwema na anawapenda wote.

Hicho kisa nakipenda kuliko hoja zote za wanafalsafa wa Ulaya kuhusu kuwepo au kutokuwepo kwa Mungu. Hakimsuti Mungu hata kidogo. Kinamsuta muulizaji ambaye tayari ana jibu na anatafuta neno la kulivika. P'Bitek aliwalaumu hata wasomi wetu wenyewe, akiwemo John Mbiti, kwa kuwavisha miungu wa Kiafrika kanzu za Kigiriki. Mbiti aliandika mwaka 1969 kwamba Waafrika ni watu wa dini kupita kiasi, na tangu hapo kila mjadala wa bar au wa darasa ukifika kwa Mungu, lazima mtu akuambie ati kutoamini ni ugonjwa wa wazungu.

Mimi nimetafuta babu zangu wa kutoamini kwenye historia ya hapa, na wa karibu zaidi niliowapata ni wafuasi wa Mumbo. Mwaka 1913, huko Alego, Onyango Dunde alisema nyoka mkubwa wa ziwani amemmeza, akamtema, akampa ujumbe: dini ya Kikristo imeoza, wazungu wataondoka, msilime, acheni nywele zikue. Habari ikavuka mpaka Gusii. Ikafika wakati mzuri, maana Septemba 1914 Wajerumani waliingia Kisii kutoka upande wa Tanganyika, Waingereza wakaondoka mbio, na watu wetu wakaona kumbe yule nyoka anajua anachosema. Maduka yakaporwa, misheni nazo zikaporwa. Waingereza waliporudi, adhabu ilikuwa ya risasi na ya ng'ombe. Mumbo hakufa. Mwaka 1921 baadhi ya viongozi walipelekwa uhamishoni Lamu, na mwaka 1954 bado serikali ilikuwa inaipiga marufuku dini hiyo.

Hebu fikiria hiyo safari ya Lamu. Mtu katoka milimani, kwao anaitwa mpagani na wamisionari, kashushwa kwenye mji wa misikiti ambako neno lake ni kafiri. Amebadilishiwa tusi bila kubadilisha imani. Ningependa sana kuwadai hawa watu kama wazee wa fikra huru, lakini ningekuwa mwongo. Waliukataa msalaba kwa kumwamini nyoka. Ninachowapa heshima ni kwamba waliposomewa orodha ya maneno matakatifu, walithubutu kusema baadhi yameoza.

Na mimi je, neno langu ni lipi? Kamusi inanipa mkanamungu. Si baya, ila ona lilivyoundwa: kumkana mtu ni kukataa kwamba unamjua, kama Petro na jogoo wake. Mtu hukana deni, hukana mtoto, hukana kosa polisi. Yaani hata jina la kutoamini kwangu linanituhumu kwamba najua. Tena Mungu kakaa ndani yake, huwezi kulitamka bila kumtaja. Kiapo ndicho kinachonifaa zaidi. Vijana wa Kenya, ambao mama zao wangewachapa kwa kuapa haki ya Mungu, walianza kusema haki ya nani. Sikiliza vizuri: haki ya nani? Hicho ni kiapo cha mtu ambaye hana uhakika, na kinatumika mpaka na waimbaji wa kwaya.

Kwenye karatasi sisi tupo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 755,750 waliosema hawana dini. Katiba ya 2010 inakiri ukuu wa Mungu kwenye utangulizi, halafu kifungu cha 8 kinasema hakuna dini ya taifa, na cha 32 kinalinda uhuru wa dhamiri na fikra. Februari 2016 chama cha wasioamini kilisajiliwa Nairobi. Aprili usajili ukasimamishwa, kisha baadaye ukarudishwa. Hofu iliyotajwa ilikuwa amani ya nchi. Kikundi cha watu wanaokutana kunywa kahawa na kubishana!

Huku kwetu hakuna anayehofia amani kwa sababu yangu. Shangazi hunikabidhi sala ya chakula kusudi, nami nashukuru waliolima, waliopika na waliochota maji, watu wanasema amina, tunakula. Neno ambalo haliwezi kuchezewa hivyo ni omorogi. Mchawi. Oktoba 2021, Marani, kaunti ya Kisii, wanawake wanne waliuawa na kuchomwa kwa sababu ya neno hilo. Sheria ya uchawi tunayoitumia ni ya 1925, ya mkoloni, na inamwadhibu anayejifanya mchawi, lakini haikuweza kumlinda mwanamke aliyeitwa mchawi na wengine. Kanisa lilikuja likaondoa Engoro, likaondoa Erioba, likaweka Nyasae na Esabato. Omorogi likaliacha palepale. Nimesikia wahubiri wakimkemea kwa kipaza sauti kwa uhakika uleule waliokuwa nao kuhusu malaika, na sijasikia hata mmoja akisema hayupo.

Baada ya mauaji yale nilikuwa nauliza watu stejini: Ekegusii kinamwitaje mtu asiyeamini kwamba warogi wapo? Si asiyemwamini Nyasae, huyo mnamjua, ni mimi. Asiyeamini warogi. Mama wa ndizi alifikiri kidogo, akacheka, akasema hakuna neno. Mzee mmoja akasema ni mtu ambaye hajarogwa bado. Kijana wa boda alikuwa anafuta tanki la pikipiki yake, hakuinua kichwa.

"Huyo ni mgeni," akasema.