Siri ni ya Nani? Historia Fupi ya Ukimya Ulionunuliwa



Katika mji wetu wa Kisangani, kama katika sehemu nyingi za Kongo, msichana akidhulumiwa na mwanaume, neno linalotangulia mara nyingi ni hili: tupatane. Familia mbili huketi, wazee husema, fedha au mbuzi hutajwa, na mwishoni kila mmoja huahidi kwamba maneno hayo hayatatoka nje ya ua. Katika ofisi na makampuni ya nchi za mbali, jambo lile lile hufanywa kwa karatasi: mfanyakazi aliyesumbuliwa na mkuu wake hupewa fedha, naye hutia sahihi kwamba hatasema kamwe. Huko huitwa mkataba wa kunyamaza. Majina yanatofautiana, lakini kiini ni kimoja: upande mmoja unatoa malipo, upande wa pili unatoa ukimya.

Je, sheria inaukubali ukimya wa namna hiyo? Jibu lake limejengwa polepole, kwa zaidi ya karne moja, na ni vema kijana alifahamu kabla hajaitwa kuketi katika kikao cha namna hii, ama kama mshitaki, ama kama ndugu, ama kama shahidi.

Tuanze mwaka 1888. Wakati huo Tippu Tip alikuwa liwali wa Stanley Falls, yaani hapa hapa kwetu, kwa mapatano aliyoyafanya na Mfalme Leopold II mwaka uliotangulia. Tarehe 30 Julai 1888, serikali ya mfalme huyo ilitoa amri juu ya mikataba na wajibu wa watu. Amri hiyo, ambayo ndiyo msingi wa sheria yetu ya mikataba hata leo, inasema kwamba wajibu wenye sababu haramu hauna nguvu yoyote, na kwamba sababu ni haramu ikiwa imekatazwa na sheria, au ikipingana na maadili mema, au na utengamano wa umma. Ni ajabu ya historia kwamba kanuni hii iliandikwa na utawala uliokuwa na mengi ya kuficha. Lakini kanuni ni kanuni. Karatasi haipati nguvu kwa kuwa ina sahihi mbili. Huulizwa kwanza imeandikwa kwa ajili ya nini. Na ahadi ya kuficha kosa la jinai kwa malipo ni vigumu kuona ingepitaje katika mlango huo.

Hata hivyo, kanuni hiyo ilikaa vitabuni, na maisha yakafuata njia yake. Tarehe 15 Aprili 1926 utawala wa Ubelgiji uliziwekea sheria mahakama za wenyeji, ambamo kesi za Waafrika zilikatwa kwa kufuata desturi. Katika desturi nyingi, msichana akidhulumiwa, aliyehesabiwa kuwa amekosewa ni baba yake. Mwanamke aliyeolewa akidhulumiwa, aliyekosewa ni mumewe. Kwa hiyo fidia ilikwenda kwa baba au kwa mume. Tusiwadharau wazee wetu kwa jambo hilo: walitafuta amani kati ya koo ambazo zingeweza kupigana, na amani hiyo iliokoa maisha ya watu. Lakini tuone pia kilichokosekana. Mwenye jeraha hakuwa mwenye kesi. Aliyelia hakuwa yeye aliyelipwa, wala hakuwa yeye aliyeulizwa kama ameridhika.

Kisha ikaja sheria ya mwenendo wa mashtaka ya jinai, iliyotolewa kwa amri ya tarehe 6 Agosti 1959, chini ya mwaka mmoja kabla ya uhuru. Kifungu chake cha 9 kiliruhusu kesi fulani zimalizwe kwa faini ya mapatano: mtuhumiwa anailipa serikali kiasi alichowekewa, na akishalipa, mashtaka yanazimika. Kwa makosa madogo njia hii inafaa, maana inapunguza mzigo wa mahakama. Lakini mlango uliofunguliwa kwa ajili ya makosa madogo unaweza kupitisha na makubwa, hasa pale ambapo kosa lenyewe linahesabiwa kuwa ni aibu ya nyumbani.

Vita vilibadilisha mambo. Wakazi wa Kisangani hawahitaji kukumbushwa juu ya Juni 2000, siku sita ambazo majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana katikati ya mji wetu. Katika miaka ile ya vita, ukatili wa kingono ulienea mashariki mwa nchi kwa kiasi ambacho hakuna kikao cha wazee kilichoweza kukibeba. Nchi ilipotoka vitani, Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 iliwapa wenye mamlaka, katika kifungu cha 15, jukumu la kuuondoa ukatili huo. Na tarehe 20 Julai 2006, siku kumi kabla ya uchaguzi mkuu, zikatangazwa sheria mbili zinazokwenda pamoja: namba 06/018, inayotaja makosa na adhabu, na namba 06/019, inayoeleza namna ya kuendesha kesi.

Sheria ya kwanza ilipanua maana ya ubakaji na kuuwekea kifungo cha miaka 5 hadi 20. Kwa mara ya kwanza iliweka katika kanuni ya adhabu kosa la usumbufu wa kingono: yule anayemwandama mtu kwa maneno, ishara, amri, vitisho au mashinikizo, au anayetumia vibaya mamlaka ya kazi yake, ili apate kuridhishwa kimwili, anaweza kufungwa mwaka 1 hadi 12. Sheria hiyo ilimgusa pia mzazi au mlezi anayemlazimisha mtu kufunga ndoa, na hivyo ikagusa mojawapo ya mapatano ya zamani kabisa: kumwoza msichana kwa yule yule aliyemdhulumu, ili aibu ifunikwe kwa mahari.

Sheria ya pili ndiyo inayojibu swali letu waziwazi. Kifungu chake cha 9 bis kinasema kwamba malipo ya faini ya mapatano hayazimi mashtaka ikiwa kosa ni la ukatili wa kingono. Kifungu cha 7 bis kinamtaka ofisa wa polisi aliyepokea habari za kosa hilo amjulishe mwendesha mashtaka, yule tunayemwita parke, katika muda wa saa 24. Uchunguzi usizidi mwezi mmoja, na hukumu ipatikane katika miezi mitatu. Sote tunajua jinsi umbali, umaskini na wingi wa kesi unavyozirefusha tarehe hizo. Lakini maana ya kifungu cha 9 bis haitegemei kalenda: fedha zinaweza kulipia matibabu na hasara, haziwezi kununua mwisho wa kesi.

Hapo mtu atauliza: basi, je, sheria inamlazimisha msichana kutangaza maumivu yake sokoni? Hapana. Kifungu cha 74 bis cha sheria ile ile kinaamuru mahakama ilinde usalama, heshima na faragha ya aliyedhulumiwa, na akiomba, kesi isikilizwe kwa mlango uliofungwa. Vifungu hivi viwili vinapaswa kusomwa pamoja. Siri inayomlinda aliyeumizwa ni haki yake, na sheria inamlindia. Siri inayomlinda aliyeumiza, sheria haikubali inunuliwe. Wengi wetu huchanganya siri hizi mbili, na katika mchanganyiko huo ndimo mkosaji hujificha.

Bado kuna pengo, na yafaa lisemwe. Kwa kosa la usumbufu wa kingono, sheria ya 2006 inataka aliyesumbuliwa alete malalamiko yeye mwenyewe. Bila hayo, parke haiwezi kuanza. Nia yake ni njema, yaani kumwachia mhusika uamuzi. Lakini fikirini juu ya mwanafunzi na mwalimu anayeshika alama zake. Wanafunzi wa Kongo wana msemo mchungu unaofananisha alama fulani za mtihani na magonjwa ya zinaa, kwamba vyote viwili huambukizwa kwa njia moja. Watu wakifikia kufanya jambo kuwa mzaha, wamelizoea. Anayetaka kuizima kesi ya namna hiyo hana haja ya kumhonga hakimu. Inamtosha kufunga kinywa kimoja kabla hakijafunguka.

Nchi nyingine nazo zimepambana na jambo hili. Mwaka 1998, Zelda Perkins, aliyekuwa msaidizi wa mtayarishaji wa filamu Harvey Weinstein, alitia sahihi mkataba wa kunyamaza mjini London, mkataba uliombana hata katika kuzungumza na daktari. Aliuvunja hadharani mwaka 2017. Marekani ilitoa sheria tarehe 7 Desemba 2022, kwamba ahadi ya kunyamaza iliyowekwa kabla ugomvi haujatokea haiwezi kutumiwa kuzuia habari za usumbufu wa kingono. Mwaka huo huo, katika jimbo la Prince Edward Island nchini Kanada ilianza kutumika sheria kwamba mkataba wa namna hiyo hauna nguvu isipokuwa aliyesumbuliwa mwenyewe ameutaka, baada ya kupata nafasi ya kushauriwa na mwanasheria wake.

Na Kanisa? Ukweli unatudai tusijitoe katika historia hii. Mwaka 2002 ilifunuliwa mjini Boston, Marekani, jinsi fedha zilivyolipwa kwa siri kwa watu waliodhulumiwa na mapadre. Mwaka huo maaskofu wa Marekani waliamua kwamba majimbo yasifanye tena mapatano yenye sharti la siri, isipokuwa aliyedhulumiwa ameliomba mwenyewe. Tarehe 7 Mei 2019, Papa Fransisko, katika barua yake Vos estis lux mundi, aliagiza kwamba anayetoa taarifa asiwekewe wajibu wa kunyamaza; na mwezi Desemba mwaka huo aliiondoa siri ya kipapa katika kesi za namna hiyo. Kinshasa, Boston na Roma zilipita njia tofauti, zikafika mahali pamoja: ukimya ni wa aliyeumizwa, naye tu ndiye awezaye kuuchagua.

Kuna anayesema kwamba Mkristo husamehe, na kwa hiyo hunyamaza. Tumkumbuke Mwenyeheri Anuarite Nengapeta, binti wa Wamba, aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964 kwa kumkataa ofisa wa waasi aliyemtaka kwa nguvu. Papa Yohane Paulo II alipomtangaza mwenyeheri mjini Kinshasa, tarehe 15 Agosti 1985, alimsamehe muuaji kwa jina la Kanisa zima. Alisema hayo mbele ya umati, na kosa lenyewe likitajwa wazi. Msamaha ule haukuhitaji pazia. Wahenga nao walionya: mwenye kovu usidhani kapoa. Mapatano yanayofunika kovu bila kuuliza kama linauma, hayajapatanisha mtu na mtu.

Kwa mazungumzo ya kikundi:

1. Katika mtaa wenu, nani huketi katika kikao cha mapatano, na nani hukosa kiti? Aliyedhulumiwa huulizwa nini?

2. Rafiki akikuambia jambo zito na kukuomba usilitaje, utajuaje kwamba siri hiyo inamlinda yeye, wala haimlindi aliyemuumiza?

3. Katika parokia yetu, je, kijana anamjua mtu mmoja wa kumwendea ambaye atamsikiliza, na kumsindikiza mpaka kwa daktari na parke akitaka? Kama hayupo, tufanye nini ili awepo?