Kilemba cha Muflisi

Neno kufilisika tumelirithi kwa Waarabu, na asili yake ni fulusi, yaani sarafu za shaba, kwa kuwa muflisi ni yule ambaye dinari na dirhamu zimemtoka, akabakiwa na shaba tupu mkononi. Lakini mafakihi wa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi katika pwani yetu, hawakuona haki kumwacha na shaba peke yake. Na katika Minhaji, kitabu alichokitunga Imamu Nawawi wa Sham katika karne ya 13, ambacho makadhi wetu wakikitegemea katika hukumu zao, imeelezwa waziwazi ni kitu gani mwia hana ruhusa kukigusa.

Msingi wa hukumu hiyo ni habari iliyopokewa ya sahaba Muadhi bin Jabal wa Madina, mtu karimu aliyeelemewa na madeni, hata Mtume akamzuilia mali yake na kuiuza ili wawia walipwe. Kwa kufuata mfano huo, kadhi humwekea mdeni hajri, yaani zuio la kutumia mali yake, kisha huuza mbele yake na mbele ya wanaomdai: kwanza viozavyo, kisha wanyama, kisha vyombo, mwisho mashamba na majumba, na kila kitu katika soko lake, kisije kikaenda kwa bei ya kutupa. Nyumba anayokaa nayo huuzwa. Hapo naungama kwamba moyo wangu wamwelekea Imamu Ahmad bin Hanbal, aliyesema aachiwe nyumba yake, maana watoto hawakukopa.

Baada ya mnada, muflisi huachiwa kanzu, suruali, kilemba na viatu, na wakati wa baridi huongezewa juba. Wala si matambara, bali mavazi yamfaayo mtu kama yeye. Kilemba hakishibishi, na mwia mwenye uchu angeweza kudai kwamba kitambaa kile nacho kina thamani yake. Lakini mafakihi walijua kwamba mtu huyu kesho atatoka kwenda msikitini, apite katikati ya wale wale waliosikia dalali akinadi vyombo vyake, naye hawezi kupita kichwa wazi. Huachiwa pia chakula cha siku ile ya kugawa mali, yeye na wote walio juu yake kwa matunzo, na wafafanuzi wa baadaye wakamwachia mwanachuoni vitabu vyake.

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1914, ambayo mfano wake ulifuatwa Kenya na Tanganyika zilipotungiwa sheria za kufilisika mwaka 1930, ilichukua njia nyingine: ilimwachia mdeni zana za kazi yake, na nguo na matandiko yake, ya mkewe na ya wanawe, vyote pamoja visizidi thamani ya pauni 20. Kwa zana naisifu kwa dhati, kwani seremala aliyebakiwa na randa na msumeno hakosi riziki ya kesho.

Hata hivyo Minhaji ina jambo moja zaidi, nalo ndilo linigusalo kuliko yote: mali ikiisha kugawanywa, na deni likasalia, muflisi halazimiki kujiajiri kwa ajili ya lile lililobaki. Wawia hungoja mpaka Mungu amfungulie, naye huondoka barazani kwa kadhi na viatu vyake miguuni, aende kwake na chakula cha siku moja.