Jembe, Pua na Kengee: Istilahi za Uhunzi katika Njia ya Tabora

Mfasiri wa vitabu vya ufundi hukutana na kitu hiki: bamba lililokwisha kukatwa kwa umbo la kisu, ila halijatiwa makali wala mpini. Mabamba ya namna hiyo hukatwa pia katika misumeno chakavu. Je, tukiite nini? Kabla ya kuunda neno jipya, yafaa tutazame historia ya chuma katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora na kufika Ujiji.

Katika karne ya 19 wahunzi wa Usumbwa na Uzinza waliyeyusha mawe ya chuma kwa makaa na mivukuto, wakafua majembe yaliyouzwa Tabora. Wapagazi wa Kinyamwezi waliyachukua hadi Ugogo, wakayabadilisha kwa vitu vingine na kulipia hongo. Jembe hilo halikuwa na mpini. Lilikuwa chuma kitupu, na kwa hali hiyo hiyo lilitumika kama fedha na kama mahari. Hivyo jembe ni kile chuma chenyewe; mpini hutiwa baadaye.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912. Majembe ya viwandani yakaenea na kazi ya kuyeyusha ikafifia, lakini kufua hakukukoma: mhunzi aligeukia chuma kilichokwisha kutumika. Katika nchi ya miombo, penye mninga na wapasuaji mbao, msumeno mkuukuu ni mali.

Hapa ndipo istilahi inapohitaji uangalifu. Msumeno haukufanywa kwa chuma tu, bali kwa pua, yaani chuma chenye kaboni ya kutosha kugumishwa. Pua ikipashwa moto hadi iwe nyekundu, kisha ikachovywa katika mafuta, huwa ngumu lakini hukatika upesi. Haina budi kupashwa tena kwa moto mdogo. Kazi ya kwanza twapendekeza iitwe kugumisha, na ya pili kutuliza. Aidha, ikumbukwe kwamba baadhi ya misumeno ya siku hizi ina meno magumu yaliyobandikwa juu ya bamba laini. Bamba hilo halifai kwa kisu.

Kuhusu jina la bamba lenyewe, wako watakaopendelea “kisu ghafi”. Sisi hatuafiki, kwa sababu ghafi ni kitu kisichopitia kazi, ambapo bamba hili limekwisha kufanyiwa kazi mara mbili. Kiswahili kina neno kengee, yaani sehemu bapa ya kisu. Twapendekeza kengee tupu, kwa kufuata mfano wa jembe lisilo na mpini.

Jambo hili si la kamusi peke yake. Mwanafunzi anayesoma “chuma” mahali pa “pua” atachovya chuma laini bila kupata makali. Na asiyefundishwa kutuliza, kisu chake kitamvunjikia mkononi. Walimu na wafasiri wanaosikia maneno mengine vinywani mwa wahunzi wayaandike na kuyaleta, kwani neno lililokwisha kutumika karakanani lina haki ya kutangulia lile lililoundwa mezani.