Jinsi data ndogo inavyoweza kuzima mtambo wa akili unde

Si lazima mdukuzi aibe nywila au avunje hifadhidata ndipo aitie kampuni hasara. Wakati mwingine humtosha kutuma data ndogo iliyopotoshwa kwa makusudi, na mtambo mzima wa akili unde ukazimika.

Udhaifu wa aina hii huitwa mwanya wa kunyima huduma. Siri hazivuji wala fedha haziibwi, ila mteja anayestahili kuhudumiwa hubisha hodi asifunguliwe.

Wakenya walionja shambulizi la kunyima huduma mnamo Julai 2023, jukwaa la serikali la eCitizen liliposongwa na maombi kupita kiasi. Hayo yalikuwa mafuriko kutoka nje. Mianya inayojadiliwa hapa ni tofauti, kwani chanzo chake ni kasoro iliyomo ndani ya programu yenyewe, na ombi moja laweza kutosha.

MAKTABA ZA PROGRAMU

Wanaounda mitambo ya akili unde hawaandiki kila kitu upya. Hutumia maktaba za programu, yaani mikusanyiko ya maagizo ya tarakilishi yaliyokwisha kuandikwa na wengine, mithili ya fundi anayenunua milango iliyo tayari badala ya kupasua mbao mwenyewe.

Miongoni mwa maktaba hizo ni NumPy, inayopiga hesabu za majedwali ya nambari. TensorFlow, ambayo Google iliitoa kwa umma bila malipo mnamo Novemba 2015. Na PyTorch, iliyoanzishwa na Facebook.

Utaratibu huu huokoa muda na gharama. Hata hivyo, kasoro moja ndani ya maktaba hurithiwa na kila programu inayoitegemea, iwe ya benki, hospitali au chuo kikuu.

MIANYA HUTOKEAJE?

Namna ya kwanza ni kitanzi kisicho na mwisho. Mnamo 2017 iligunduliwa kwamba sehemu ya NumPy inayoongeza kingo za jedwali, katika toleo la 1.13.1 na yaliyotangulia, ilikuwa ikizunguka bila kukoma ilipopewa orodha tupu. Kasoro hiyo iliingizwa katika orodha ya kimataifa ya mianya ya kiusalama kwa nambari CVE-2017-12852.

Namna ya pili ni kugawanya kwa sifuri. Maktaba hupokea vipimo vya picha au jedwali na kuvitumia katika hesabu. Iwapo kipimo kimojawapo ni sifuri na hakuna aliyekikagua, programu huanguka. TensorFlow ilikuwa na kasoro kadhaa za namna hii.

Ya tatu inashangaza zaidi, kwa kuwa huzaliwa na tahadhari. Waandishi wa TensorFlow waliweka vituo vya ukaguzi vinavyoisimamisha programu papo hapo sharti fulani linapokiukwa. Kwa mtafiti aliye peke yake, hilo ni usumbufu mdogo; huiwasha upya akaendelea. Kwa seva inayohudumia maelfu ya watu, ukaguzi huo huo huwakatia wote huduma kwa kosa la mmoja.

Ya nne huhusu kumbukumbu ya tarakilishi. Ombi la maneno machache laweza kuagiza jedwali la safu 100,000 kwa 100,000. Ikiwa kila nambari huchukua baiti 4, jedwali hilo litahitaji gigabaiti 40, kiasi ambacho mashine nyingi hazina.

Maktaba zinazochambua maandishi nazo hazikusalimika. Transformers, ya kampuni ya Hugging Face, ilipatikana na kanuni ya kutafuta ruwaza za herufi ambayo ingeweza kukichosha kichakataji ikipewa maandishi yaliyotungwa kwa hila. Ilirekebishwa katika toleo la 4.48.0.

UZITO WA TATIZO

Toleo la 2.5.0 la TensorFlow, lililotoka Mei 2021, liliziba mianya zaidi ya 100 kwa mkupuo. Mingi ilikadiriwa kuwa ya hatari ndogo, kwa sababu mshambulizi sharti kwanza apate njia ya kuifikishia maktaba data yake mbovu.

Makadirio hayo yasimpumbaze msomaji. Huduma inayopokea picha, sauti au maandishi kutoka kwa umma imekwisha kumfungulia mgeni njia hiyo. Uzito wa mwanya basi hutegemea mahali maktaba inapotumika.

KINGA

Kinga ya kwanza ni kukagua data mlangoni: ukubwa wake, umbo lake na kama ni tupu, kabla haijaifikia maktaba. Ya pili ni kuwekea kila ombi kikomo cha muda na kumbukumbu. Ya tatu ni kutenganisha kazi, ili sehemu moja ikianguka iwashwe upya bila kuziangusha nyingine.

Aidha, kila taasisi yapaswa kuwa na orodha ya maktaba inazozitumia pamoja na matoleo yake. Marekebisho yanapotolewa, maelezo ya kasoro huwekwa hadharani, na mdukuzi huyasoma sawa na msimamizi wa mtambo. Anayechelewa kusasisha programu huwa amemwachia mdukuzi ramani ya nyumba yake.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika akili unde, ufa huo huweza kuwa sifuri moja ambayo hakuna aliyeikagua.